Kompyuta Izimapo Ghafla: Kwa Nini BIOS Iguswe Mwisho

Kompyuta inapozima yenyewe katikati ya kazi, au inapoganda isiitikie kibonyezo chochote, mtumiaji hutaka kujua kasoro iko wapi. Aghalabu jibu hutolewa upesi kuliko uchunguzi: huyu husema ni virusi, yule husema BIOS imepitwa na wakati na yapasa kuhuishwa. Jibu hilo la pili lahitaji kufikiriwa sana. Kuhuisha BIOS ni kufuta programu inayoiamsha kompyuta na kuandika nyingine mahali pake. Kazi hiyo ikikatizwa kabla ya kwisha, kompyuta iliyokuwa na kasoro ndogo huweza kuwa kompyuta isiyowaka kabisa.

Makala haya yanaeleza BIOS ni nini, mambo gani huifanya kompyuta izime au igande, na utaratibu gani wa uchunguzi unaofaa mahali ambapo umeme huweza kukatika bila taarifa. Mazingira yanayozingatiwa ni ya Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Gharama ya kosa

Wilaya ya Kyerwa ilianzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Karagwe. Wilaya zote mbili hujulikana kwa kahawa, ndizi na maharage, lakini siku hizi shughuli zake nyingi hupita katika kompyuta: hesabu za kahawa za ushirika wa KDCU, matangazo ya redio ya jamii ya FADECO, barua za ofisi za serikali, na alama za wanafunzi mashuleni. Katika shule ya sekondari kompyuta haimtumikii mwanafunzi mmoja, bali hutumiwa kwa zamu. Ikifa moja, zamu za wengi hupotea, na pengine pamoja nazo kazi ambayo haikuwahi kunakiliwa mahali pengine.

Umbali nao una sehemu yake katika jambo hili. Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene peke yake ina kilomita 59.1, na anayetoka Kayanga kwenda Bukoba husafiri zaidi ya kilomita 100. Anayetoka Murongo, kwenye mpaka wa Uganda, huanza safari hiyo mbali zaidi. Kwa hiyo kosa ambalo mjini lingesahihishwa kwa fundi wa mtaa wa pili, huku laweza kuiweka kompyuta kabatini kwa muhula mzima. Hii ndiyo sababu ya kuchunguza kwa mpangilio, kuanzia kasoro nyepesi za nje na kwenda polepole kuelekea ndani.

BIOS ni nini?

Kompyuta inapopewa umeme, prosesa yake haina bado la kufanya. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, haina kitu, kwa sababu hupoteza yote yaliyomo mara umeme unapoondoka. Diski ina Windows au Linux, lakini prosesa haijaelekezwa namna ya kuisoma. Kwa sababu hiyo prosesa hujengwa iende kwanza katika anwani moja maalumu na kutekeleza maagizo inayoyakuta humo. Maagizo hayo ndiyo BIOS. Huhifadhiwa katika chipu ndogo, aghalabu yenye miguu minane, iliyopo juu ya ubao mama ambao mafundi wengi huuita mazabodi.

BIOS hufanya kazi tatu kwa kufuatana. Kwanza hukagua kama prosesa, RAM na kadi ya picha vipo na vinafanya kazi. Pili huviweka vifaa hivyo katika kasi na volti zinazostahili. Tatu hutafuta diski, husoma mwanzo wa programu endeshi, na kuikabidhi kazi. Yaweza kulinganishwa na mtunza ghala anayefika alfajiri kabla ya wote, akafungua milango, akahesabu vyombo, kisha akawapisha wafanyakazi. Mtunza ghala asipofika, wafanyakazi wote watasimama nje hata wawe hodari namna gani.

Kompyuta ya IBM PC, iliyotolewa mwaka 1981, ilikuwa na BIOS ya kilobaiti 8 iliyotiwa kiwandani katika chipu isiyofutika. Aliyetaka kuibadilisha alipaswa kuing'oa chipu na kuweka nyingine. Baadaye ilikuja kumbukumbu ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani na kutangazwa mwaka 1984. Flashi hutunza maandishi bila umeme, lakini huweza kufutwa na kuandikwa upya ikiwa papo hapo kwenye ubao. Leo BIOS za muundo mpya, ziitwazo UEFI, hukaa katika chipu za flashi ambazo nyingi ni za megabaiti 16 au 32. Megabaiti 16 ni mara 2,048 ya zile kilobaiti 8 za mwaka 1981.

Urahisi huo ulikuja na hatari yake. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kiitwacho CIH kilifuta BIOS za kompyuta nyingi duniani, na zikashindwa kuwaka. Ilidhihirika siku hiyo kwamba kitu kinachoweza kuandikwa chaweza pia kuharibiwa, ama kwa hila ama kwa bahati mbaya.

Kusoma dalili kabla ya kutoa hukumu

Maneno “kompyuta imezima” hayatoshi kumwongoza mchunguzi. Kuna dalili nne ambazo yafaa zitofautishwe.

Dalili ya kwanza ni kompyuta kuzima mara moja kama iliyochomolewa waya, na pengine kujiwasha upya. Hii huelekeza kwenye umeme, pawa saplai, au joto. Ya pili ni kuganda: picha hubaki kwenye kioo lakini hakuna kinachosogea. Hii huweza kutoka kwa RAM, diski, joto au programu. Ya tatu ni kioo kubadilika kuwa cha buluu, au cheusi katika matoleo mapya ya Windows 11, na kuonyesha namba ya kosa. Namba hiyo iandikwe kabla haijapotea. Mathalani, 0x124 huashiria kosa la kifaa, 0x1A huelekeza kwenye kumbukumbu, na 0x7B husema kwamba diski ya kuwashia haikuweza kufikiwa. Ya nne ni kompyuta kutowasha kioo kabisa, ingawa feni huzunguka. Hapo ukaguzi wa BIOS wenyewe haukukamilika, na mara nyingi milio au taa za ubao mama hueleza ulikwama wapi. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, hivyo ni lazima kitabu cha kompyuta husika kitazamwe.

Ieleweke kwamba dalili tatu za kwanza hutokea baada ya BIOS kumaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Kompyuta iliyowaka, ikafungua Windows, ikafanya kazi saa moja, kisha ikazima, imekwisha kuthibitisha kwamba BIOS yake yaweza kuiamsha. Hilo haliondoi uwezekano wa kasoro katika BIOS, lakini huiweka nyuma ya watuhumiwa wengine.

Mtuhumiwa wa kwanza: umeme

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulitegemea umeme ulionunuliwa Uganda na kuletwa kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka. Katika miaka ya karibuni vyanzo vimeongezeka katika bonde la mto Kagera, kikiwemo kituo cha Rusumo chenye uwezo wa megawati 80, ambacho umeme wake hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo wingi wa umeme kituoni hauondoi tabia za njia ndefu za usambazaji zinazopita vilimani na katikati ya miti.

Mwanafunzi wa fizikia ataelewa jambo hili kwa hesabu fupi. Tuseme waya unaofikisha umeme shuleni una ukinzani wa omu 1. Mkondo wa ampea 10 ukipita, volti 10 hupotea njiani. Mkondo wa ampea 30 ukipita, hupotea volti 30. Umeme uliotoka ukiwa volti 230 utafika ukiwa 200. Jioni, watu wengi wanapowasha taa, pasi na majiko, volti za mwisho wa njia hushuka; usiku wa manane hupanda tena.

Kupungua huko pekee hakuzimi kompyuta mara moja, kwa maana pawa saplai nyingi za siku hizi hupokea umeme wa kiwango kipana. Hatari kubwa ni ile mikatiko mifupi ambayo jicho huiona kama taa iliyopepesa. Umeme wa Tanzania hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua milisekunde 20. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani, ikibeba mzigo wake kamili, imekusudiwa kuvumilia kukosa umeme kwa milisekunde 16 au 17 hivi. Maana yake ni kwamba mkatiko usiofika hata mzunguko mmoja waweza kuwa mrefu kuliko akiba iliyomo. Taa itapepesa tu, lakini kompyuta itazima.

Pawa saplai yenyewe nayo huzeeka. Ndani yake mna kapasita zinazolainisha umeme, na kanuni ya jumla ya mafundi ni kwamba maisha ya kapasita hupungua kwa nusu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Sentigredi. Kapasita iliyovimba kichwani au iliyovuja imekwisha kazi yake. Fundi mwenye kipima volti ataangalia njia za kutolea umeme: ile ya volti 12 iwe kati ya 11.40 na 12.60, na ile ya volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Boksi la pawa saplai lisifunguliwe na mwanafunzi. Umeme wa volti 230 ukisha kunyooshwa hufikia kilele cha volti 325 hivi, na kapasita huweza kuushika hata baada ya waya kuchomolewa.

Kuna radi pia. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Wakati wa ngurumo haitoshi kuzima kompyuta kwa kitufe. Ni sharti waya wa umeme na waya wa mtandao vichomolewe vyote viwili, kwani radi huweza kuingia kwa njia yoyote kati ya hizo. Ethi ya jengo nayo ikaguliwe na fundi umeme anayestahili.

Joto na vumbi

Prosesa nyingi hupunguza kasi joto lake linapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi, na likizidi mno hujizima ili zisiungue. Kompyuta inayofanya kazi vizuri asubuhi na kuzima kila baada ya nusu saa ya mchana hutoa ushahidi wa kutosha kwamba joto lichunguzwe.

Karagwe ina baridi kuliko pwani, na sehemu zake nyingi zina mwinuko unaofikia au kuzidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Watu huweza kudhani kwamba kompyuta haiwezi kupata joto huko. Lakini katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, na feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi. Faida ya ubaridi kwa hiyo hupunguzwa na wepesi wa hewa. Vumbi jekundu la kiangazi likiongezwa juu ya hayo, likajaza mapezi ya chuma juu ya prosesa, joto hukosa pa kutokea.

Tiba yake ni nyepesi. Kompyuta ichomolewe waya, ifunguliwe, vumbi litolewe nje ya chumba kwa brashi laini au blowa, na feni ishikwe kwa kidole isizunguke ovyo wakati wa kupulizwa. Dawa inayopakwa kati ya prosesa na mapezi yake ikiwa imekauka kama chokaa, isuguliwe na kupakwa mpya.

RAM, betri na lehemu

Vipande vya RAM huingia katika nafasi zake kwa kubanwa tu. Mtikisiko wa safari na kutu nyembamba hutosha kuvitenganisha. Mchunguzi avichomoe, asugue meno yake ya shaba kwa kifutio safi cha penseli, apanguse, na kuvirudisha kimoja kimoja. Kabla ya kuvishika aguse chuma cha boksi ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Kisha programu ya bure ya Memtest86+ iachwe ikague kumbukumbu kwa saa kadhaa. Kosa moja tu latosha kukihukumu kipande.

Betri ndogo ya duara iliyopo ubaoni, aina ya CR2032, ni ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa na, katika kompyuta nyingi, kutunza mipangilio ya BIOS umeme unapokuwa haupo. Ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, tovuti hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake huonekana si vya wakati huo, na pengine mpangilio wa diski hubadilika. Wengi wamedhani ni ugonjwa wa BIOS, kumbe ni betri ya bei ndogo.

Sehemu nyingine ya kuangalia ni lehemu, ile risasi inayounga miguu ya chipu na ubao. Hapa wanafunzi wa Kyerwa wana jambo la kujivunia, kwa kuwa wilaya yao imechimbwa bati tangu enzi ya utawala wa Waingereza, na bati ndiyo malighafi kuu ya lehemu. Lehemu ya zamani ilikuwa na bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, nayo huyeyuka kwa nyuzi 183. Tangu Julai 2006, Ulaya ilipopiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, lehemu inayotumika sana ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, nayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Kompyuta inapopata joto na kupoa kila siku, ubao na chipu hutanuka kwa viwango tofauti, na kiungo huweza kupasuka. Dalili yake ni kompyuta inayowaka ikikandamizwa mahali fulani na kuzima ikiachwa. Ufa wa lehemu hauponywi na BIOS mpya yoyote.

Flashi inavyoandikwa

Sababu ya kuiogopa kazi ya kuhuisha imo katika tabia ya flashi yenyewe. Kuandika katika flashi ni kugeuza moja kuwa sifuri. Kurudisha sifuri kuwa moja hakuwezekani kwa tarakimu moja moja. Ni lazima eneo zima lifutwe, aghalabu kilobaiti 4 au zaidi kwa mara moja, ndipo liandikwe. Kati ya kufuta na kuandika kuna muda ambapo maagizo ya zamani hayapo tena na mapya hayajafika.

Chipu ya megabaiti 16 ina maeneo 4,096 ya kilobaiti 4. Kama kila eneo litachukua milisekunde 50 kufutwa, kufuta peke yake kutachukua sekunde 205, yaani zaidi ya dakika tatu. Muda huo ulinganishwe na milisekunde 16 za uvumilivu wa pawa saplai. Anayehuisha BIOS bila akiba ya umeme anaomba umeme usipepese hata mara moja kwa muda ulio zaidi ya mara elfu kumi ya ule ambao kompyuta yake yaweza kuvumilia. Na kompyuta inayozima yenyewe kwa kasoro isiyojulikana ni hatari vilevile, hata umeme wa TANESCO ukiwa mtulivu: yaweza kuzima katikati ya kuandika kwa sababu ileile inayotafutwa.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo hili. Kompyuta inayozimazima ndiyo humshawishi mtu ahuishe BIOS, nayo ndiyo isiyofaa kuhuishwa kabla kasoro yake haijajulikana.

Lini inafaa kuhuisha?

Haifai kuhitimisha kwamba BIOS isihuishwe kamwe. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidai volti kubwa kupita kiasi, zikachakaa na kuangusha kompyuta. Dawa ilitolewa Agosti 2024 kupitia BIOS mpya, ingawa haikuweza kuponya prosesa zilizokwisha kudhurika. Mwenye prosesa za aina hiyo alikuwa na sababu nzuri ya kuhuisha upesi.

Lakini upo pia mfano wa upande wa pili. Januari 2018, baada ya kutangazwa kwa udhaifu wa usalama ulioitwa Meltdown na Spectre, masahihisho yalitolewa kwa haraka. Tarehe 22 mwezi huohuo Intel iliwaomba watengenezaji wa kompyuta wasitishe kuyasambaza, kwa sababu baadhi ya kompyuta zilianza kujiwasha upya zenyewe bila kutarajiwa. Dawa iliyokusudiwa kulinda ilileta ugonjwa mwingine.

Siku hizi ushawishi mwingine hutoka katika programu endeshi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masahihisho ya kawaida ya bure ya Windows 10, na Windows 11 hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Wengi hudhani kwamba ni lazima BIOS ihuishwe ili kuipata. Katika kompyuta nyingi TPM ipo lakini imezimwa, na huhitaji kuwashwa tu katika mipangilio.

Kanuni inayofaa ni hii: BIOS ihuishwe pale tu ambapo maelezo ya mtengenezaji yanataja kasoro iliyopo, au usalama unaohitajika, au kifaa kipya kinachotakiwa kukubaliwa.

Utaratibu wa kazi

Ikishaamuliwa kwamba kazi hiyo ni ya lazima, hatua zifuatazo zifuatwe bila kurukwa.

1. Kasoro ya umeme, joto na RAM iwe imekwisha kuondolewa, na kompyuta iwe imefanya kazi siku kadhaa bila kuzima.

2. Mafaili yote yanakiliwe nje ya kompyuta. Mipangilio ya BIOS ipigwe picha kwa simu, hasa ule unaohusu namna ya kuisoma diski.

3. Jina kamili la ubao mama na toleo lake vinakiliwe kama vilivyoandikwa juu yake. Herufi moja ikitofautiana, faili huweza kuwa la ubao mwingine. Faili lichukuliwe katika tovuti ya mtengenezaji, si kwa rafiki wala kwa tovuti nyingine.

4. UPS ijaribiwe siku moja kabla: kompyuta ileile iwashwe, waya wa ukutani uchomolewe, na muda uhesabiwe. UPS isiyofikisha dakika 15 isiaminiwe. Kompyuta ya mapajani iwe na betri nzima iliyojaa na chaja iliyochomekwa. Nyingi hukataa zenyewe kuhuishwa zisipotimiza masharti hayo.

5. Pasiwe na dalili ya mvua ya radi. Jenereta isitegemewe peke yake, wala inveta ya sola ambayo haijapimwa.

6. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi huo usimamishwe kwa muda, na ufunguo wake wa tarakimu 48 uandikwe mahali salama.

7. Kazi ifanywe ndani ya BIOS yenyewe kwa kijiti cha flashi pale inapowezekana, badala ya kufanywa ndani ya Windows ambamo programu nyingine zinaendelea.

8. Kazi ikianza, pasiguswe kitu. Kioo kikiwa cheusi kwa dakika kadhaa, au kompyuta ikijiwasha zaidi ya mara moja, mwendeshaji asubiri. Kompyuta nyingi zimeuawa na mkono usiokuwa na subira.

Kompyuta isipowaka baada ya kazi

Si kila kompyuta isiyofungua Windows baada ya kuhuishwa imekufa. BIOS mpya kwa kawaida hurudisha mipangilio ya kiwandani, na namna ya kuisoma diski ikibadilika, kosa 0x7B hutokea. Dawa ni kurudisha mpangilio wa awali kwa kutazama ile picha iliyopigwa.

Kama kioo hakiwaki kabisa, waya uchomolewe, betri ya CR2032 itolewe kwa dakika kadhaa na kurudishwa. Ikishindikana, kitabu cha kompyuta kitafutwe. Kompyuta nyingi za HP, kwa mfano, huweza kurejesha BIOS kutoka katika kijiti cha flashi kwa kushikilia vibonyezo vya Windows na B wakati wa kuwasha. Mbao nyingine zina chipu ya pili ya akiba, au tundu maalumu la USB linaloandika BIOS hata bila prosesa. Njia ya mwisho ni kwa fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu, ambaye huibana ile miguu minane kwa kibanio na kuandika faili moja kwa moja. Kwa hiyo ubao usitupwe. Ubandikwe karatasi inayoeleza lililotokea na kutunzwa hadi afikiwe fundi huyo.

Daftari la maabara

Shule haihitaji vifaa vya gharama ili kuanza uchunguzi wa kweli. Inahitaji daftari. Kila kompyuta ipewe namba, na kila inapozima mwanafunzi wa zamu aandike tarehe, saa, dalili, namba ya kosa kama ipo, hali ya hewa, na kama taa za chumba zilipepesa. Baada ya wiki nne darasa lipange taarifa hizo katika jedwali.

Jedwali hilo litasema mengi. Kompyuta zote zikizima dakika ileile, kasoro ni ya umeme wa chumba. Ikizima moja tu kila alasiri, itazamwe feni yake. Ikizima moja bila kufuata saa wala joto, RAM yake na pawa saplai vihamishiwe katika kompyuta nzima, kimoja kwa wakati, ili ionekane kama ugonjwa utahama pamoja na kifaa. Kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja ni kanuni ileile inayotumika katika maabara ya kemia na katika shamba la majaribio la kahawa. Itakapoonekana kwamba ugonjwa haukuhama na kifaa chochote, na mtengenezaji naye ameutaja katika maelezo ya toleo jipya, hapo ndipo zamu ya BIOS itakapokuwa imefika.